Pavlov, bingwa aliyepima saa ya mbwa

Wasomaji wengi waliopita shuleni wamelisikia jina la Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na kengele. Wachache wanajua kwamba bingwa huyo alithibitisha pia jambo ambalo sisi wakaaji wa Usenge tunaliona kila mara bila kulifikiria, nalo ni kwamba mbwa ana saa yake mwilini. Leo nataka tuyatazame maisha ya mzee huyo, na gharama ya elimu aliyotuachia.

Hapa kwetu Yimbo, usiku wa giza wavuvi huingia ziwani na taa zao kuvua omena, na kunapopambazuka hurudi ufuoni. Nimewaona mbwa wakishuka kutoka mabomani kabla chombo cha kwanza hakijatokeza upande wa kisiwa cha Mageta. Hukaa pale pale ambapo akina mama watatandaza omena kuwaanika. Wazee husema mbwa amenusa, vijana husema amesikia injini. Huenda wote wana haki. Lakini Pavlov angeuliza swali jingine: je, pasipokuwa na harufu wala sauti, mbwa angekuja?

MTOTO WA KASISI

Pavlov alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Ryazan, Urusi, akiwa kifungua mimba wa kasisi wa Kanisa la Othodoksi. Utotoni alianguka kutoka mahali pa juu akaumia vibaya, hata hakuanza shule mpaka alipofikia miaka 11. Alitiwa katika seminari ili afuate njia ya babake, lakini vitabu vya sayansi vilimteka, na mwaka 1870 akaenda zake Chuo Kikuu cha St Petersburg.

Mwaka 1881 alimwoa Serafima. Ndoa yao ilianza kwa dhiki kubwa. Fedha hazikutosha, na mtoto wao wa kwanza alifariki angali mchanga. Ilikuwa mwaka 1890 ndipo Pavlov alipopata uprofesa.

Kazi iliyomtoa ilikuwa juu ya jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Alikuwa fundi hodari wa upasuaji, akitumia mikono yote miwili. Badala ya kumpasua mbwa na kumtupa, alimfungulia kitundu kidogo, akamtibu mpaka akapona, kisha akamchunguza kwa miezi au hata miaka. Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel, Mrusi wa kwanza kuipata.

SAA ISIYO NA MISHALE

Katika kazi hiyo aliona kwamba mbwa hutokwa na mate kabla ya kuonja chakula. Basi akaugeuza mfereji wa mate utokee nje ya shavu, akawa anahesabu matone. Kengele ndiyo iliyopata sifa duniani, lakini yeye alitegemea zaidi metronomi, kile chombo cha wanamuziki kinachogonga kwa mapigo sawasawa.

Sasa sikiliza jaribio lililonigusa mimi mtu wa ufuoni. Mbwa alilishwa kila baada ya dakika 30, bila kengele, bila metronomi, bila ishara yoyote. Alipozoea, siku moja wakamnyima chakula. Ilipokaribia dakika ya 30, mate yakaanza kumtoka! Katika jaribio lingine ishara ilitangulia chakula kwa dakika tatu. Mwanzoni mate yalitoka mara moja, lakini kadiri siku zilivyopita mbwa alijifunza kungoja, mate yakawa yanatoka dakika za mwisho tu. Kumbe muda wenyewe nao ni ishara, sawa na sauti au harufu.

Pavlov mwenyewe aliishi kwa saa. Aliingia maabarani kwa wakati wake, na kila kiangazi aliacha kazi akaenda shamba kulima bustani na kucheza gorodki, mchezo wa Warusi wa kurusha fimbo.

NJAA NA GHARIKA

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 njaa iliingia, na mbwa wa maabara wakadhoofu na kufa. Pavlov hakuficha chuki yake kwa utawala mpya, hata hivyo Januari 1921 Lenin alitia sahihi amri ya kumpa posho na nafasi ya kuendelea na kazi.

Tarehe 23 Septemba 1924 maji yaliufurika mji, ambao wakati huo uliitwa Leningrad. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini mbwa wale walikuwa wamefungiwa vibandani. Wafanyakazi waliwaogelesha, kikundi baada ya kikundi, hadi jengo la maabara. Waliokolewa, ila baadhi yao walisahau kabisa mazoea waliyofundishwa. Mmoja alirudia hali yake, lakini maji kidogo tu yalipopenyezwa chini ya mlango, akavurugika tena. Kutoka hapo Pavlov akazidi kuchunguza jinsi hofu inavyovunja akili.

Sisemi kwamba mbwa wale hawakuteseka. Waliteseka, na wengi walikufa. Mzee mwenyewe alilikubali deni hilo, maana mwaka 1935 sanamu ya mbwa ilisimamishwa kwenye bustani ya taasisi yake. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Februari, alifariki kwa nimonia akiwa na umri wa miaka 86.

Basi, msomaji, mbwa wako akitokea mlangoni saa ya chakula, usiharakishe kuokota jiwe. Hakuja kwa uchoyo wala kwa ujanja. Saa hiyo ulimtia wewe mwenyewe, siku ile ulipomtupia mfupa wa kwanza, na kesho yake ukarudia.