Daktari Burkitt, Mpasuaji Aliyeuliza Wapi

Muhula huu nataka kuwaeleza habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago. Nina sababu yangu. Nalikuwa nimekwisha kata tamaa na biolojia, nikidhani utafiti ni kazi ya watu wa miji mikubwa wenye mitambo ya thamani, wala si ya kijana wa Ngara.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lililorushwa na mtoto mwenziwe lilivunja miwani yake, akapoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, kisha akageukia udaktari. Alipoomba kazi Afrika ya Magharibi alikataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Lakini vita vilimleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 alipelekwa Lira, Uganda.

Huko Lira alipasua mabusha mengi. Akaanza kuwauliza wagonjwa watokako, akaona kwamba wengi walitoka mashariki ya wilaya, na wa magharibi walikuwa wachache mno. Ni jambo dogo, na mtu mwingine angalilipita.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka kumpima, akakuta uvimbe na tumboni pia. Basi akafungua majalada ya zamani. Uvimbe wa taya, wa figo, wa ini, ambao madaktari waliuandika kama magonjwa mbalimbali, ulikuwa saratani moja. Habari hizo alizichapisha mwaka 1958.

Akawapelekea madaktari wa serikali na wa misheni karatasi zenye picha, akiwauliza kama wameuona ugonjwa huo. Kisha, Oktoba 1961, aliondoka Kampala pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson katika motokaa kuukuu. Walikwenda wiki 10, maili 10,000, wakaingia hospitali zaidi ya 50, wakapita Tanganyika hata kufika Afrika Kusini. Gharama zote hazikufika pauni 700!

Mahali pasipo ugonjwa aliandika kwa uangalifu kama mahali palipo nao. Hapo ndipo habari inapotukaribia. Nchi za chini zenye joto na mvua zilikuwa na wagonjwa. Katika milima mirefu ya Kigezi, Rwanda na Burundi walikuwa nadra sana. Rwanda na Burundi ni jirani zetu wa Ngara. Mwenzangu wa dawati, mtu wa Biharamulo, alinitania kwamba sisi tuna baridi na wao wana mbu. Mzaha wake haukuwa mbali na jibu. Burkitt alidhani kuna mdudu anayeueneza ugonjwa. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi katika chembe za uvimbe zilizopelekwa London kwa ndege. Virusi hivyo vimeenea duniani kote, lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto. Kisu hakikuwafaa watoto wale. Baadhi yao walipona kwa dawa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini ramani hakuiacha. Aliziandikia hospitali nyingi za Afrika akiuliza wamepata wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, na wangapi wenye vijiwe katika kifuko cha nyongo. Aliambiwa vijiwe ni nadra. Akasema sababu ni vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Hapa naona alikwenda mbio kidogo: vijiwe vina sababu nyingi, na siku zile hospitali hazikuwa na ultrasaundi, hivyo vijiwe visivyouma havikuonekana. Alifariki mwaka 1993.

Nami nimeanza daftari. Kila juma naandika ni wanafunzi wangapi wa kila bweni wamepatikana na malaria. Bweni lililo karibu na bonde linaongoza, na hilo sikulishangaa. Linalonisumbua ni bweni linalofuata, hatua chache tu kutoka hapo, ambalo tangu muhula uanze halijapeleka mgonjwa hata mmoja.