Bwana Mataka: Mzee wa Siyu Aliyemtoa Jasho Sultani wa Zanzibar

Ushaona zile video za Wamarekani wakinunua bunduki ikiwa vipande ndani ya boksi? Kabla sheria kubana 2022, kipande kikuu kilikuwa kinakuja hakijamaliziwa. Jamaa alikuwa anaingia gereji yake, anakitoboa na drili, anaunga vingine, jioni ako na gun haina hata namba. Huku Kenya usijaribu, bila leseni hiyo ni jela moja kwa moja. Lakini watu kujitengenezea silaha nyumbani si stori ngeni kisiwa cha Pate. Toka Faza utembee saa mbili tatu hivi, utafika Siyu. Huko kulikuwa na mafundi, manze!

Siyu ya miaka ya 1800 ilikuwa mji wa mikono. Huyu anafua panga na majambia, yule anashona viatu na mikanda ya ngozi, mwingine anachonga milango, na pembeni kuna mtu anaandika msahafu kwa mkono, herufi kwa herufi. Hakukuwa na kiwanda. Kazi ilikuwa ya nyumbani, baba anamfunza mtoto.

Kiongozi wao alikuwa Mohamed Ishaq bin Mbarak, wa ukoo wa Famau. Wewe mjue kama Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu.

Shida yake ilikuwa moja, Sayyid Said. Huyu sultani alihamisha makao yake kutoka Muscat hadi Zanzibar na alitaka pwani yote iwe chini yake. Lamu walikuwa washaingia upande wake tangu vita vya Shela. Bwana Mataka alikataa. Na hakukataa siku moja akanyamaza, alimsumbua sultani zaidi ya miaka 20, vita vya kuvizia, leo anatulia, kesho anaanza tena.

Mwaka 1844 sultani akachoka. Akatuma jeshi la watu kama 2,000 chini ya jemadari wake, Amir Hamad. Sasa sikia hii. Meli kubwa haziwezi kufika Siyu. Mlango wa mji ni mkondo mwembamba katikati ya mikoko, maji yakitoka unabaki na matope tu. Kwa hivyo mizinga ya melini ilikuwa bure. Ikabidi jeshi literemke hapa Faza, kisha liende kwa miguu. (Watu wa Siyu, msituchukie, ni bahari ilichagua.)

Fikiria hao askari njiani. Bunduki ya siku hizo unaijaza kwa mdomo: unamwaga baruti, unatia risasi, unashindilia na ufito, unaweka baruti nyingine kidogo pa kuwashia, ndio ulenge. Ukikosa, unaanza upya. Uwanjani, watu wakiwa wamejipanga, hiyo ni hatari. Lakini kichakani, kati ya minazi na vichaka, mtu anakurukia na upanga uliofuliwa na jirani yake kabla ujatoa ufito? Umeisha. Mimi naona hapo ndipo ufundi wa Siyu ulipokutana na mahali pake.

Wanajeshi wa sultani waliviziwa, wakarudishwa mbio hadi Faza. Vita vikaendelea, na mwishowe Amir Hamad mwenyewe akauawa. Kaburi lake liko hapa Faza, pembeni ya mji. Wengi wetu tumelipita tukienda zetu na hatujui aliyelala pale alikuwa jemadari wa sultani mzima.

Nyumbani, Bwana Mataka alikuwa mume wa Mwana Kupona binti Mshamu. Ee, yule yule wa utendi uliokusumbua shuleni! Mzee alifariki 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, mjane wake akamtungia binti yao Mwana Hashima ule utendi wa mawaidha. Mama akasomwa dunia nzima, baba akabaki stori ya wazee barazani. Si fair, lakini ndio hivyo.

Baada ya mzee kuondoka, mtoto wake Mohamed alishika usukani na ukaidi ule ule. Lakini Zanzibar ilikuwa na sultani mpya, Majid, na huyo hakuwa na haraka. Mwaka 1863 Siyu ikaanguka. Mohamed akakamatwa, akapelekwa Mombasa, akafungwa ndani ya Fort Jesus. Hakurudi Siyu tena, alifia huko huko.

Ngome ya Siyu bado imesimama kando ya ule mkondo wa mikoko. Ukienda, ulizia kwanza saa ya maji kujaa, ama utasukuma boti kwenye matope kama mjinga.