Padre Gregor Mendel, Njegere Zake na Furu wa Ghuba Yetu

Anayevuka kutoka Kigongo kwenda Busisi, siku hizi kwa daraja na zamani kwa kusubiri kivuko, anapita juu ya maji yanayojulikana na wataalamu wa viumbe duniani kote. Sababu ni furu, wale samaki wadogo ambao watoto wa ufukweni huwavua kwa ndoano na minyoo. Habari za furu hazielezeki vizuri bila padre mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita na ambaye hakuwahi kuliona ziwa hili.

Johann Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima aliyelazimika kumtumikia bwana wa ardhi siku tatu kwa juma. Johann akiwa bado mwanafunzi, baba aliangukiwa na gogo akaumia vibaya, na fedha za masomo zikakatika. Aliyemwokoa ni mdogo wake Theresia, aliyetoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka asome. Baadaye Mendel aliwasaidia watoto wa Theresia nao wakasoma. Wengi wetu tuliopo seminarini tuna Theresia wetu nyumbani, ndiyo maana hatukutaka kulipita jambo hili.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino ya Mtakatifu Thomas, mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alipadrishwa Agosti 1847. Utume wa parokia ulimshinda mapema: kuwatembelea wagonjwa kulimsumbua moyo kiasi kwamba yeye mwenyewe aliugua. Abati wake, Cyrill Napp, hakumkaripia wala kumwacha. Alimpeleka kufundisha shule. Mwaka 1850 Mendel akafanya mtihani wa kuthibitishwa ualimu, akafeli. Napp akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna, 1851 hadi 1853, akasoma fizikia, hisabati na elimu ya mimea. Mwaka 1856 akarudi kwenye mtihani uleule, na mara hii pia hakuupata. Hivyo aliendelea kufundisha kama mwalimu asiyethibitishwa hadi 1868.

Mwaka huohuo wa 1856 alianza kazi yake katika bustani ya monasteri. Wakati ule watu waliamini kwamba sifa za baba na mama huchanganyika kwa mtoto kama maziwa na chai. Mendel alichukua njegere zenye mbegu za mviringo akazichavusha na zenye mbegu za makunyanzi. Kizazi cha kwanza kikatoka mviringo kitupu. Alipoiacha mimea hiyo izae yenyewe, makunyanzi yakarudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za makunyanzi, yaani takriban tatu kwa moja. Kumbe kinachorithiwa huja kwa vipande vizima, ambavyo leo tunaviita jeni. Kipande kinaweza kujificha kizazi kizima bila kuyeyuka.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kama sifa zingeyeyuka, tofauti yoyote mpya ingemezwa kama tone la maziwa katika sufuria ya chai ya rangi, na aina mpya ya kiumbe isingepata pa kuanzia. Darwin, aliyetoa kitabu chake mwaka 1859, alikwama hapo. Mendel alikuwa na kitabu hicho kwa Kijerumani, akakipigia alama pembeni. Alisoma matokeo yake mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866. Karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1868 akachaguliwa kuwa abati, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki 6 Januari 1884. Kazi yake ilifufuliwa mwaka 1900.

Sasa turudi ziwani. Miaka kama 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka. Tangu lilipojaa tena, zimetokea aina za furu zipatazo 500, kasi ambayo wataalamu bado wanaistaajabia. Kwenye miamba ya visiwa vya huku kuna aina mbili zinazofanana sana, isipokuwa madume ya moja ni ya buluu na ya nyingine ni mekundu mgongoni. Yule mwekundu jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Mwenzake wa buluu anaitwa Pundamilia pundamilia. Wakizaliana, watoto wao nao huzaa. Kinachowatenga ni jike, anayemchagua dume kwa rangi. Kila kundi likizaa ndani kwa ndani, jeni zake hubaki pamoja, na tofauti huongezeka kizazi hadi kizazi.

Lakini kuchagua rangi kunahitaji mwanga. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka kwa udongo na mwani, majike hukosea, na mipaka kati ya aina huvunjika. Sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, alikuwa ameshafyeka furu wengi katika miaka ya 1980, na uchafu wa maji unamalizia kimyakimya. Vile vipande vya Mendel havijayeyuka katika samaki hao. Vimetawanyika tu, na kile kilichoviweka pamoja kimekwisha.

Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, mwekundu na buluu bado wanaishi jirani bila kuchanganyikana. Luanso, ndani kabisa ya ghuba yetu kwenye maji ya matope, wapo furu wa miamba walewale, ila hutawaweza kuwagawa makundi mawili.