Norbert Wiener, mtaalamu wa mashine zinazojiongoza aliyekataa kuwapa wanajeshi kazi yake

Tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka 1964, profesa mmoja Mmarekani mwenye ndevu nyeupe na miwani mizito alifariki ghafla mjini Stockholm, Sweden, alikokuwa safarini. Alikuwa na umri wa miaka 69. Miezi miwili kabla, Rais Lyndon Johnson alikuwa amemkabidhi medali ya taifa ya sayansi. Jina lake ni Norbert Wiener.

Wengi wanaosikia leo habari za roboti na ndege zisizo na rubani hawajui jina hilo. Lakini wazo lililo ndani ya vyombo hivyo, la mashine kujiangalia na kujisahihisha yenyewe, Wiener ni kati ya watu wa kwanza kulitungia hesabu. Ni yeye pia aliyeonya mapema kwamba wazo hilo linaweza kuua watu na kuwanyima kazi.

Alizaliwa tarehe 26 mwezi wa kumi na moja mwaka 1894 mjini Columbia, katika jimbo la Missouri. Baba yake, Leo Wiener, alikuwa Myahudi kutoka Bialystok, mji uliokuwa wakati ule chini ya Urusi na leo uko Poland. Leo alijua lugha nyingi na baadaye alifundisha lugha za Kislavi kwenye chuo kikuu cha Harvard. Mtoto wake alimfundisha mwenyewe nyumbani, kwa ukali. Norbert akikosea hesabu, baba alifoka hadi mtoto akalia.

Alipofikia miaka minane hivi, macho yake yalidhoofika na daktari akamkataza kusoma kwa miezi sita. Masomo hayakusimama. Alisomewa kwa sauti, naye akafanya hesabu kichwani.

Alimaliza shule ya sekondari akiwa na miaka 11, akapata shahada ya kwanza akiwa na miaka 14, na udaktari wa Harvard akiwa na miaka 18. Magazeti yalimwandika kama mtoto wa ajabu. Mwenyewe alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu juu ya utoto huo, na hakuficha machungu yake.

Mwaka 1913 alivuka bahari. Huko Cambridge, Uingereza, alisoma kwa Bertrand Russell, kisha akaenda Göttingen, Ujerumani, kwa David Hilbert. Mwaka 1919 aliajiriwa na chuo cha MIT karibu na Boston, na huko alibaki hadi kustaafu. Hata hivyo hakutulia mahali pamoja. Mwaka 1935 alikwenda China kufundisha kwenye chuo kikuu cha Tsinghua, akialikwa na Yuk-Wing Lee, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Miaka ishirini baadaye alikuwa Calcutta, India, kwenye taasisi ya takwimu.

Wiener hakuwa mtu wa kukataa vita tangu mwanzo. Mwaka 1918 alifanya hesabu za mizinga ya jeshi la Marekani. Vita vya pili vya dunia vilipofika, alijitolea tena. Ndege za Ujerumani zilikuwa zikipiga miji ya Uingereza, na mzinga wa kutoka chini haukuweza kulenga mahali ndege ilipo, kwa sababu risasi ikifika juu ndege imekwisha ondoka. Ilibidi kukisia ndege itakuwa wapi sekunde chache mbele.

Yeye na injenia Julian Bigelow walitunga hesabu za kukisia mwendo huo. Mashine yao haikutumika vitani, lakini kazi hiyo iliwafungulia jambo kubwa zaidi.

Mtazame mtu anayeendesha mtumbwi kwenye mto Congo. Anaangalia mtumbwi umepinda upande gani, anasukuma kasia, anaangalia tena, anarekebisha. Kila kosa dogo linamrudia kama habari, na habari hiyo inaongoza mkono wake. Wiener na Bigelow waliona kwamba mzinga unaofuata ndege unafanya vivyo hivyo. Waliona pia kwamba masahihisho yakizidi, chombo kinaanza kuyumba huku na huku bila kutulia.

Wakamuuliza daktari rafiki wa Wiener, Arturo Rosenblueth kutoka Mexico: je, kuna ugonjwa ambapo mkono wa mtu unayumba hivyo anapotaka kushika kitu? Daktari akajibu kwamba upo, na unawapata watu walioumia sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa Wiener jibu hilo lilionyesha kwamba mwili wa binadamu na mashine vinaweza kuelezwa kwa hesabu moja.

Halafu ikaja tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1945, bomu la Hiroshima. Hapa habari ya Wiener inagusa ardhi yetu, maana sehemu kubwa ya uranium ya bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji wa Kongo waliitoa ardhini bila kuambiwa itafanya nini. Wiener hakushiriki kutengeneza bomu hilo, lakini aliona kwamba mwanasayansi naye anaweza kutoa kazi yake bila kuulizwa juu ya matumizi yake.

Mwishoni mwa 1946, mtafiti wa kampuni moja ya ndege alimwomba nakala ya ripoti yake ya wakati wa vita. Wiener alikataa. Mwezi wa kwanza mwaka 1947 barua yake ilichapishwa na jarida la Atlantic Monthly. Alieleza kwamba hatatoa tena kazi inayoweza kuleta madhara mikononi mwa wanajeshi, na kwamba kumpa mtu elimu ya silaha ni kukubali kwamba itatumika.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Wakati huo pesa nyingi za utafiti Marekani zilitoka jeshini, na wenzake wengi wa MIT walizipokea. Yeye hakuzigusa. Idara ya upelelezi ya FBI ilimfungulia faili.

Mwaka 1947, akiwa Mexico pamoja na Rosenblueth, aliandika kitabu chake kikubwa, Cybernetics, kilichotoka Paris na Marekani mwaka 1948. Jina alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Ingawa kilijaa hesabu ngumu, kilinunuliwa sana. Wakati huohuo, pamoja na wenzake wa MIT, alitengeneza kigari kidogo kilichoweza kufuata mwanga au kuukimbia chenyewe.

Mwaka 1949 alimwandikia Walter Reuther, mkuu wa sendika ya wafanyakazi wa viwanda vya magari vya Marekani. Alimweleza kwamba viwanda vinavyojiendesha vinakuja, kwamba vitawatupa watu wengi nje, na kwamba wafanyakazi wajitayarishe kabla. Yeye mwenyewe alikuwa amekataa kuishauri kampuni iliyotaka msaada wake katika mambo hayo. Ukosefu wa kazi aliouona mbele haukuja kwa haraka aliyodhani, lakini swali lake linaulizwa hadi leo: faida ya mashine iende kwa nani?

Huko Urusi ya Kisovieti, magazeti ya chama kwanza yaliilaani elimu yake. Mwaka 1960 alikaribishwa Moscow kwa heshima.

Miaka yake ya mwisho ilionyesha upande mwingine wa elimu hiyo. Baada ya kuvunjika nyonga, alizungumza na madaktari wa Boston juu ya mkono wa bandia unaoongozwa na ishara za misuli ya mtu mwenyewe. Wengine waliendeleza wazo hilo, na miaka michache baada ya kifo chake mkono huo ulitengenezwa ukaitwa Boston Arm.

Ni elimu ileile iliyoanzia kwenye mzinga wa kuangusha ndege. Wiener alijua kwamba hesabu haichagui itakakokwenda. Anayechagua ni mtu aliye nayo mkononi, na ndiyo maana yeye, alipoombwa, aliuliza kwanza ni ya kazi gani.