Carl Linnaeus na Ua Lisilojulikana

Katika nchi ya Uswidi, iliyo kaskazini mwa bara la Ulaya, majira ya baridi huchukua miezi mingi. Theluji hufunika mashamba, maziwa huganda, na miti mingi husimama bila majani. Kisha jua hupata nguvu tena, theluji huyeyuka, na majira ya kuchipua huingia. Wakati huo, mnamo Aprili na Mei, mmea mmoja mdogo huchomoza kando ya barabara na kando ya njia ziingiazo katika nyumba za watu. Majani yake yamekunjamana, nayo yamelala chini yakilizunguka shina. Shina lenyewe halina jani hata moja. Katika ncha yake yameinama maua madogo ya rangi ya manjano, yote pamoja.

Fikiri kwamba wewe ni mgeni katika nchi hiyo, nawe hujapata kuliona ua hilo. Utalitambuaje? Ukimwuliza Mswidi, atakutajia jina. Ukimwuliza Mjerumani, atakuambia kuwa hilo ni ua la funguo, kwa sababu maua yale huning'inia kama funguo katika pete. Mwingereza naye ana jina lake jingine. Sasa unayo majina matatu, lakini bado hujui kama watu hao wanasema habari za mmea mmoja au mimea mitatu. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine wote ili kuiondoa shida hiyo aliitwa Carl Linnaeus. Somo hili linaeleza maisha yake.

Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa kanisa na mpenzi mkubwa wa bustani. Inasimuliwa kwamba mtoto Carl alipolia, alipewa ua mkononi naye akanyamaza. Alipojua kusema alimwuliza baba yake majina ya mimea kila siku, na kila siku aliyasahau. Mwishowe baba yake alimwonya kwamba hatamtajia jina lingine lolote ikiwa hayahifadhi yale aliyokwisha ambiwa. Onyo hilo lilimwingia. Tangu hapo kijana huyo alishika kila jina alilofundishwa, kwa kuogopa kunyimwa mengine.

Shuleni hakusifiwa. Wazazi walitaka awe mchungaji kama baba yake, lakini yeye aliacha vitabu vya dini akaenda porini kutafuta mimea. Baba alipofika katika mji wa Växjö kuuliza maendeleo ya mwanawe, walimu walimshauri amtoe shuleni, ajifunze kazi ya mikono. Hapo ndipo daktari mmoja, Johan Rothman, aliyekuwa pia mwalimu katika shule hiyo, alipoingia kati. Alimweleza baba kwamba kijana huyu angeweza kuwa daktari mzuri. Lazima ujue kwamba katika siku hizo dawa nyingi zilitoka katika mimea. Daktari asiyeweza kuitofautisha mimea aliweza kumpa mgonjwa sumu mahali pa dawa.

Linnaeus alikwenda katika Chuo Kikuu cha Lund mwaka 1727, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Alikuwa maskini. Viatu vyake vilitoboka, akavitia karatasi ndani ili aweze kutembea. Mwaka 1729 alikutana katika bustani ya chuo na mzee mmoja msomi, Olof Celsius, ambaye alishangazwa na jinsi mwanafunzi huyu maskini alivyoijua mimea. Celsius alimpa chumba na chakula nyumbani kwake. (Mzee huyo alikuwa baba mdogo wa Anders Celsius, ambaye jina lake unalikuta katika vipimo vya joto.)

Katika miaka hiyo Linnaeus alishika wazo ambalo liliongoza kazi yake yote. Umekwisha jifunza kwamba ndani ya ua mna stameni, yaani sehemu za kiume zitoazo chavua, na pistili, yaani sehemu ya kike ambamo mbegu hufanyika. Linnaeus aliona kwamba rangi ya ua hubadilika upesi, na ukubwa wa mmea hutegemea udongo na maji, lakini idadi ya stameni kwa kawaida haibadiliki. Basi mtu akitaka kuutambua mmea asioujua, na alifungue ua, ahesabu. Mimea yenye stameni moja iliwekwa katika kundi la kwanza, yenye mbili katika kundi la pili, na kuendelea hivyo. Makundi yote yalikuwa 24. Baadhi ya wasomi walichukizwa kusikia maua yakisemwa kuwa na uume na uke, lakini njia hiyo ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mwanafunzi aliweza kuitumia, nayo ikaenea.

Unaweza kuijaribu njia hiyo wewe mwenyewe. Tafuta mnavu uotao kando ya njia au pembeni mwa shamba, uchume ua lake dogo jeupe. Litazame kwa uangalifu. Utaona petali tano zilizoungana chini, na katikati stameni tano za manjano zilizosimama karibu karibu. Katikati ya stameni hizo hutokeza pistili moja. Sasa rudi Uswidi kwa fikira, ulipasue lile ua la manjano la majira ya kuchipua. Humo pia mna stameni tano na pistili moja. Kwa hiyo Linnaeus aliiweka mimea hiyo miwili katika kundi moja. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia. Tena, usiuonje mmea usioujua. Kutazama na kuhesabu kunatosha.

Mwezi wa Mei mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, Linnaeus aliondoka Uppsala peke yake juu ya farasi kwenda Lapland, nchi ya kaskazini kabisa ambako wakati wa kiangazi jua halitui. Alichukua nguo chache, kioo cha kukuzia vitu vidogo, wino, na karatasi za kukaushia mimea. Alisafiri miezi mitano, akivuka mito iliyofurika na vinamasi.

Katika safari hiyo alifika Tornio, mji ambao leo umo katika nchi ya Ufini. Wenyeji walikuwa na huzuni. Kila mwaka, ng'ombe wao walipotolewa mazizini baada ya majira ya baridi na kupelekwa malishoni, makumi yao walivimba na kufa. Hakuna aliyejua ugonjwa huo ulikuwa nini. Linnaeus hakuanza kwa kuwapima ng'ombe. Alikwenda malishoni, akatembea akitazama kila mmea. Penye maji aliona mmea mmoja wa jamii ya karoti umeota kwa wingi. Aliutambua. Ulikuwa ule ambao leo wataalamu huuita Cicuta virosa, na mizizi yake ina sumu kali. Ng'ombe aliyeshiba huuacha mmea huo, lakini hawa walikuwa wametoka mazizini na njaa ya miezi mingi, nao waling'oa chochote walichokikuta katika udongo uliolowa. Aliwaambia watu waung'oe mmea huo malishoni, kazi ambayo kibarua mmoja angeiweza kwa ujira mdogo. Watu wa Tornio walikuwa wakiuona mmea huo kila mwaka, lakini hawakuujua.

Mwaka 1735 Linnaeus alikwenda Uholanzi kupata shahada ya udaktari. Njiani, katika mji wa Hamburg, alionyeshwa mnyama mkavu wa ajabu mwenye vichwa saba, mali ya mkuu wa mji, ambaye watu walitaka kumnunua kwa fedha nyingi. Linnaeus alimtazama kama alivyotazama maua. Akaona kuwa taya na miguu ni za wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, na mwili umefunikwa kwa ngozi za nyoka. Alisema wazi kwamba ni kitu kilichotengenezwa na watu, kisha akaondoka upesi, kwa sababu mwenye mali hakufurahi.

Huko Uholanzi alichapisha kitabu chake cha Systema Naturae, kilichopanga mimea, wanyama na mawe. Kilikuwa na kurasa chache tu, lakini kubwa. Tajiri mmoja, George Clifford, alimwajiri kutunza bustani yake. Ndani ya nyumba ya vioo iliyopashwa moto mlikuwa na mgomba, nao haukuwa umetoa ua. Wewe labda umezoea migomba, lakini kwa Wazungu wa wakati ule mgomba unaochanua ulikuwa kitu kisichoonekana. Linnaeus aliufikiria udongo na mvua za nchi za joto. Akaamuru mgomba uachwe mkavu kwa majuma kadhaa, kisha umwagiliwe maji mengi kama mvua ya masika. Mwanzoni mwa mwaka 1736 ulichanua, watu wakaja kuutazama, naye akauandikia kitabu kizima.

Alirudi Uswidi mwaka 1738, akafanya kazi ya udaktari Stockholm, akaoa mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa huko Uppsala. Wanafunzi walimpenda mno. Aliwaongoza mashambani siku nzima, mara nyingine zaidi ya mia moja, kila mmoja akileta mmea alioukuta ili autambue mbele yao. Jioni walirudi mjini wakipiga tarumbeta na ngoma. Wakubwa wa chuo walinung'unika kwamba huo si utaratibu wa masomo.

Kazi yake kubwa ilitoka mwaka 1753, katika kitabu kiitwacho Species Plantarum, chenye karibu aina 6,000 za mimea. Kabla ya hapo jina la kitaalamu la mmea lilikuwa sentensi ndefu ya Kilatini. Mnyanya, kwa mfano, uliitwa kwa maneno yaliyoeleza kwamba shina lake halina miiba wala si la mti, kwamba majani yake yamegawanyika kama unyoya na kukatwakatwa pembeni, na kwamba vishada vyake havina matawi. Nani angeweza kukumbuka hayo yote? Linnaeus aliupa kila mmea jina la maneno mawili tu. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, na la pili ni kama jina la mtu mwenyewe. Mnyanya ukawa Solanum lycopersicum, mbilingani Solanum melongena, na mnavu Solanum nigrum. Ukiyasoma majina hayo, unajua mara moja kwamba mimea hiyo mitatu ni ndugu. Lile ua la manjano alilipa jina Primula veris, maana yake ua dogo la kwanza la majira ya kuchipua. Miaka sita baadaye mbuyu wetu uliitwa Adansonia digitata. Neno la pili linatokana na vidole, kwa kuwa jani la mbuyu limetawanyika kama vidole vya mkono.

Hata hivyo si yote aliyoyaandika yalikuwa sahihi. Chini ya jina Primula veris aliweka pamoja mimea mitatu ambayo wataalamu wa baadaye waliitenganisha. Ile njia ya kuhesabu stameni nayo iliachwa. Kumbuka mnavu na lile ua la Uswidi: vyote viwili vina stameni tano, lakini matunda yao, mbegu zao na umbo lao lote huonyesha kwamba si ndugu wa karibu. Leo wataalamu hutazama mmea mzima, tena huchunguza chembe zake za urithi. Kosa baya zaidi lilihusu binadamu. Aliwagawa watu katika makundi manne kwa mabara na rangi za ngozi, na baadaye akayapa makundi hayo tabia njema na mbaya bila ushahidi wowote. Sayansi imelikataa jambo hilo, nasi hatuna haja ya kulionea haya kulisema.

Kazi hii iligharimu maisha ya watu. Linnaeus aliwatuma wanafunzi wake katika nchi za mbali kukusanya mimea. Daniel Solander aliizunguka dunia kwa meli akarudi salama. Peter Forsskål alifia Yemeni mwaka 1763, na wengine kadhaa hawakurudi kwao.

Linnaeus mwenyewe alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1774. Kumbukumbu yake ilipotea kidogo kidogo, na inasimuliwa kwamba yeye aliyevipa maelfu ya viumbe majina mwishowe alilisahau jina lake mwenyewe. Alifariki tarehe 10 Januari 1778. Mwaka 1784 Mwingereza mmoja kijana, James Edward Smith, aliinunua mimea yake mikavu na vitabu vyake, akavipeleka London. Viko huko mpaka leo. Mtaalamu akiwa na shaka ni mmea upi hasa Linnaeus aliokusudia kwa jina fulani, hufungua karatasi hizo za zamani, akautazama mmea ule ule uliokaushwa.