De Havilland na Ndege Zilizotoweka Angani

Tarehe 25 Septemba 2013, ndege ya jeshi la anga la Uingereza aina ya VC10 ilitua katika uwanja wa Bruntingthorpe, na baada ya hapo haikuruka tena. Ujanani mwake ndege hiyo ilikuwa mali ya shirika letu la East African Airways, ikiwa imesajiliwa Tanzania. Ilipotua, ukoo wa ndege kubwa za Kiingereza zenye injini nne za jeti ulikuwa umekaribia kutoweka angani. VC10 iliundwa na kampuni ya Vickers, lakini aliyewafungulia njia wote ni mtu ambaye wanafunzi wetu hawamsikii kamwe: Geoffrey de Havilland.

Alizaliwa tarehe 27 Julai 1882 karibu na High Wycombe, mwana wa kasisi aliyeishi kwa dhiki ya fedha. Alisomea uhandisi, akafanya kazi katika viwanda vya magari, kisha akamwendea babu yake mzaa mama, ambaye alimpa pauni 1,000 za kuundia ndege. Mkewe, Louise, alishona vitambaa vya mabawa kwa cherehani. Mnamo Desemba 1909 chombo hicho kilinyanyuka kwa sekunde chache tu, bawa likavunjika, kikaanguka. De Havilland alitoka akiwa hai, akaiokota injini katika mabaki, akaunda ndege ya pili. Mwaka 1910 iliruka. Alikuwa amejifundisha urubani mwenyewe, maana mwalimu hakuwapo. Serikali iliinunua kwa pauni 400, na yeye akaajiriwa pamoja nayo.

Mwaka 1920 alianzisha kampuni yake mwenyewe. Alikuwa mpenzi mkubwa wa wadudu, na mapenzi hayo yakaingia katika majina ya ndege zake. Ndege ndogo iliyomletea sifa mwaka 1925 aliiita Moth, yaani nondo. (Msomaji wa Kiswahili atacheka, maana kwetu nondo ni pia chuma cha kujengea, ilhali ndege ile ilikuwa ya mbao na kitambaa.) Nondo wake walifika kwetu mapema: shirika la Wilson Airways lilipoanzishwa Nairobi mwaka 1929, lilianza na ndege ya aina hiyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitoa Mosquito, yaani mbu, ndege ya kivita ya mbao ambayo maseremala wa samani walishiriki kuiunda.

Kazi hiyo ilimtoza kodi nzito. Mwanawe John alifariki mwaka 1943 wakati Mosquito mbili zilipogongana angani. Mwaka 1946 mwanawe mkubwa, Geoffrey, aliyekuwa rubani wa majaribio wa kampuni, alikufa ndege ya jeti aliyokuwa akiijaribu ilipovunjika juu ya mlango wa mto Thames. Louise alifariki mwaka 1949.

Mwaka huo huo, siku ambayo de Havilland alitimiza umri wa miaka 67, ndege yake Comet iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Hatfield. Safari hii aliachana na wadudu. Comet ni nyota yenye mkia. Ilikuwa ndege ya kwanza duniani ya abiria kuendeshwa kwa injini za jeti, nazo zilikuwa nne, zimefichwa ndani ya mizizi ya mabawa. Tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari za kulipiwa, London hadi Johannesburg, ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Afrika Mashariki basi iliiona ndege hiyo kabla ya New York.

Mwaka mmoja baadaye, siku kwa siku, Comet moja ilivunjika katika dhoruba karibu na Calcutta. Januari 1954 nyingine ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Ndege hizo zilisimamishwa, zikafanyiwa marekebisho mengi, zikaruhusiwa kuruka tena mwezi Machi. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo kosa kubwa lilipotendeka, kwa kuwa chanzo kilikuwa bado hakijajulikana. Tarehe 8 Aprili nyingine ilianguka karibu na Naples, ikaua watu 21.

Wataalamu wa Farnborough walitumbukiza mwili wa Comet nzima katika tangi la maji, wakaujaza shinikizo na kulipunguza, tena na tena, kuiga kupanda na kushuka. Baada ya safari za kuigiza zaidi ya 1,800, ulipasuka, na ufa ukaonekana kuanzia pembeni mwa dirisha. Metali ilikuwa imechoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika. Matokeo yalitangazwa hadharani, na washindani wa Marekani wakayasoma bila gharama ya kaburi hata moja.

Huwa tunaambiwa kwamba ajali hizo ndizo zilizoiua Comet. Hiyo ni nusu ya habari. Oktoba 1958 Comet 4 iliyoimarishwa ilivuka Atlantiki na abiria wiki tatu kabla ya Boeing 707 ya Pan Am, lakini Boeing ilibeba watu wengi zaidi, na mashirika yalihesabu viti. East African Airways ilinunua Comet 4 mwaka 1960. Mwaka huo kampuni ya de Havilland ilimezwa na Hawker Siddeley. Mwenyewe alifariki tarehe 21 Mei 1965.

Comet ya mwisho ya abiria ilistaafu mwaka 1980. Nimrod, mzao wake wa kijeshi, alifuata mwaka 2011. Ndege ndogo aina ya 146, iliyozaliwa Hatfield pale pale, nayo ina injini nne. Chache zingali zinaruka, baadhi zikimwaga maji na dawa juu ya misitu inayoungua Amerika Kaskazini. Kiwanda cha Hatfield chenyewe kilifungwa katika miaka ya tisini. Sehemu ya ardhi yake ilipewa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, na tangu mwaka 2003 wanafunzi husomea hapo, katika kampasi iitwayo de Havilland.