Lev Artsimovich: Bingwa wa ‘jua la maabara’ aliyekataa sifa za haraka

Moscow, 1952. Vipimo vya maabara vinanasa nyutroni kutoka kwenye gesi iliyopitishiwa umeme mkali. Ilionekana viini vya atomu vimeungana kama ndani ya jua, yaani nishati tele imepatikana.

Lev Artsimovich, aliyeongoza majaribio hayo ya Sovieti, alikagua upya na timu yake. Kumbe haikuwa hivyo. Plazima, ile gesi ya moto, ilikuwa imebinywa kama soseji na kukatika. Msukosuko huo ndio uliorusha chembe chache kwa kasi na kutoa nyutroni.

Siri hiyo ilitoka 1956, mwenzake Igor Kurchatov alipohutubia Harwell, Uingereza. Hata hivyo, Januari 1958 Waingereza walitangaza ushindi na mtambo wao wa ZETA. Mei wakaufuta. Nyutroni zao nazo zilikuwa za msukosuko.

Ukuta ndio mtihani

Artsimovich alizaliwa Moscow 1909, akasoma Minsk, kisha akafanya utafiti Leningrad. Wazo la tokamaki, mtambo wenye umbo la andazi lenye tundu katikati, lilitokana na Andrei Sakharov na Igor Tamm. Yeye ndiye aliyebeba mzigo wa kulifanya lifanye kazi.

Haikuwa kazi ndogo. Hakuna chuma kinachostahimili joto la mamilioni ya nyuzi, hivyo sumaku hulazimika kuizuia plazima isiguse ukuta. Ikiyumba na kugusa, hubandua chembe za ukuta. Chembe hizo zikiingia ndani, huvujisha joto na plazima inapoa.

Timu yake iliachana na chemba ya kaure, ikahamia chuma, kisha ikaongeza ukuta wa ndani uliopashwa moto ili kuondoa uchafu.

Njooni mpime wenyewe

Mwaka 1968, mjini Novosibirsk, alitangaza kuwa mtambo wa T-3 umefikia takriban nyuzi milioni 10. Wamagharibi wakatilia shaka. Badala ya kubishana, akawakaribisha Waingereza waje na leza zao, wakati Vita Baridi ikiwa imepamba moto. Mwaka 1969 walipima, wakakuta ni kweli. Mwaka uliofuata, Princeton ya Marekani ikageuza mtambo wake kuwa tokamaki.

Artsimovich alifariki Machi 1, 1973, akiwa na miaka 64.

Tatizo lake bado lipo. Mtambo wa ITER, unaojengwa Ufaransa, unalenga nyuzi milioni 150. Plazima ikivurugika ghafla, joto lake humwagika ukutani ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde na linaweza kuyeyusha chuma. Ndiyo maana mwaka 2023 wahandisi waliamua ukuta wa ndani uwe wa tangsteni, metali inayoyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 3,400. Hata hiyo haitoshi peke yake. Lazima kwanza plazima itulizwe.